Heshima ya Wali na Soda

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, Febronia alikaa kwa mwanawe Manase, Singida mjini, miezi kumi na minne, na jembe hakulishika hata siku moja. Alishikishwa sahani ya wali!

Kule Ilongero mama huyu alilima uwele na alizeti, akala ugali wa uwele kwa mlenda, na sukari yake, ule ugonjwa, si ile ya chai, ilikuwa imetulia miaka sita, mpaka ikasahaulika. Mumewe alipofariki, Manase akamleta mjini asikae peke yake.

Jesca, mke wa Manase, alimpokea kwa kupiga magoti. Asubuhi chapati na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Mchana wali. Jirani akipita kutoa shikamoo, soda zinafunguliwa, ya mama kwanza. Ampe mama mkwe ugali wa uwele, watu waseme nini? Na Febronia naye, jamani! Mlenda aliutamani mpaka akauota, lakini mtu mzima hachagui chakula kwa mkwewe. Akala, akashukuru. Akanenepa, majirani wakamsifu Jesca.

Jumatatu moja Jesca akapiga kelele, "Mama, damu!" Sakafu nzima ilikuwa na nyayo za damu. Kandambili ya Febronia ilikuwa imechomwa na msumari, vidole viwili vimechimbika na kuwa vyeusi, kidonda cha siku nyingi, na mwenyewe anatembea hana habari. Wakakimbilia kliniki. Daktari akainamia mguu, sindano mkononi.

"Unasikia, mama?"

"Nisikie nini, baba? Si hujaanza?"

Loh! Alikuwa ameshamchoma mara tano. Wakapima sukari: ishirini na nne, na haitakiwi kupita kumi. Daktari hakuzunguka. Vidole viwili vimeoza, vitakatwa Alhamisi, na chakula kisipobadilika mguu utafuata.

"Kwani mnampa nini huyu mama?"

Jesca akaanza kutaja kwa kujivuna, chapati, wali, soda. Alipofika kwenye soda akajiziba mdomo.

"Na kijijini alikula nini?"

"Uwele," akajibu Febronia mwenyewe. "Na mlenda."

"Sasa huo mliukimbia kwa nini?"

Hapo Jesca akaangua kilio. "Mama, nisamehe. Mimi kila mchana ukilala nasonga ugali wa uwele kule uani. Nakula na mlenda, halafu naficha sufuria. Niliona aibu unikute nao."

Habari ya vidole ilikuwa imemshtua Febronia, lakini hii ilimwacha mdomo wazi.

"Uwele? Palepale uani?"

"Ndiyo, mama."

"Miezi yote hii?"

"Ndiyo, mama."

Febronia akautazama mguu wake, akamtazama mkwewe. Machozi yakamtoka.

"Na hukuniita, Jesca?"