Mwendo wa Verna Stuckey

Kama umewahi kutazama tamthilia za polisi za New York, Verna Stuckey umemwona, ila hukumtia maanani. Alikuwa muuguzi mlangoni, hakimu wa kugonga nyundo mara moja, na maiti mara nne. Kwa umaiti hakuwa na mpinzani; angeweza kulala kwenye saruji saa nzima bila kukohoa.

Lakini moyo wake ulikuwa jukwaani, na jukwaa lilimpa mgongo. Alishuka New York kwenye basi lililotoka kwao Toledo akiwa na miaka ishirini na miwili. Alipofika sitini na mmoja bado alikuwa mwigizaji wa akiba. Kazi yenyewe ni hii: unakariri maneno ya mwigizaji mkuu, unakariri hata anapovuta pumzi, kisha unakaa chumba cha ghorofa ya nne ukifuma soksi, ukingoja augue. Wakuu wa Verna hawakuugua. Michezo saba, miaka kumi na tisa, wanawake wenye afya ya kuudhi. Mimi Bernadine, mvalishaji wa waigizaji wa jumba lile la maonyesho, nilimshonea magauni saba yasiyovaliwa.

Mchezo wa saba ulimhusu mama wa mchimba makaa, anayetembea maili kumi na nne kwenye theluji kwenda kumdai mwenye mgodi mwili wa mwanawe. Mkuu alikuwa Marguerite Alden. Mwezi wa pili wa maonyesho aliteguka goti, akawa anachechemea. Goti likapona, lakini kuchechemea akabaki nako, maana gazeti moja lilikuwa limesifu mwendo huo.

"Yule anaomba ahurumiwe," Verna aliniambia nikimpima kiuno. "Huyu mama hakwenda kuomba."

"Si umwambie mwenyewe."

"Mimi? Mimi wa soksi, shoga yangu."

Jumatano moja ya Februari, kabla ya onyesho la mchana, Marguerite alipiga simu. Sauti imemkauka kabisa. Kikaratasi chenye jina la Verna kikatiwa ndani ya kila kijitabu cha mchezo. Watazamaji walipokisoma, ukumbi ukaguna hadi tukasikia kule nyuma. Nilitamani nitoke nikawazabe vibao.

Russell Tobin, msimamizi wa jukwaa, akaja na penseli yake sikioni. "Mama, usiongeze, usipunguze. Chechemea mguu wa kulia, kama Marguerite. Ukibadilisha kitu, sitakuita tena." Hakuwa mtu mbaya. Wa akiba ni nakala, ndivyo tunavyofanya kazi. Wenzake jukwaani wanategemea hivyo.

Sehemu ya kwanza Verna alichechemea kama alivyoagizwa. Akapata makofi ya adabu tu. Wakati wa mapumziko, nikimvika koti la theluji, alinishika mkono.

"Bernadine, nina mchana huu mmoja. Miaka yote hii nimengoja nije kuwa goti la Marguerite?"

"Russell atakutimua."

"Dada yangu ana chumba Toledo. Nifungie vifungo."

Sehemu ya pili ilipoanza, akaingia ofisini kwa mwenye mgodi, wima. Polepole, amechoka, viatu vimelowa, lakini wima. Mwenye mgodi aliigizwa na mzee Emmett Doyle, ambaye alipaswa kumsukumia kiti kwa dharau bila kunyanyuka. Alishika kile kiti, akamtazama, kisha akasimama. Haikuandikwa popote. Nami kule nyuma nililia nimeshika kikapu cha nguo chafu, wala sioni haya kusema.

Mwishoni walisimama wote, wale waliokuwa wanaguna. Russell akatufuata.

"Umebadilisha."

"Nimebadilisha," Verna akajibu.

Russell alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mwongozaji alikuwa amekaa safu ya mwisho," akasema, akaondoka.

Siku mbili zile Verna aliigiza huku mizigo ameifunga nusu, akingoja kutimuliwa. Ijumaa Marguerite akarudi, na pale mlangoni tunapotia saini tukiingia kazini kukawa na tangazo la mwongozaji: sehemu ya pili hakuna kuchechemea, na Emmett asimame.

Nilikuwa na Verna chumba cha ghorofa ya nne mlango ulipobishwa. Marguerite, shali shingoni, amepanda ngazi zote zile.

"Verna, dada, hebu nionyeshe unavyoingia."

Verna akaweka soksi chini, akatangulia. Marguerite akamfuata nyuma, hatua kwa hatua.