Kuku Yangu ya Definitif

Bandugu, mutege masikio! Juzi kule Kashuga niliona liste ya benye kupata mbegu ya maharagi kwa ukuta, juu bameandika "definitif", ni kusema ya mwisho kabisa. Ilikuwa ya tatu tangu asubui, na jina yangu balishaiondoa! Kwa ile hasira nikakumbuka kuku yangu ya utoto, kule Ngungu.

Papa alipenda sana ile neno. Akisema "definitif", hata ngombe za milima saba ziliacha kutafuna. Mie kasichana nikawaza: ukiitamka juu ya kitu, hakuna mwenye ataigeuza tena. Basi kila asubui nilikumbatia kuku yangu: "Weye hautachinjwa, definitif!"

Siku moja kaka mukubwa ya Papa akafika toka Mpofi. Mama akakamata kuku.

"Mama, acha! Nilishasema definitif!"

"Toka hapa! Mugeni atakula majani ya sombe tupu?"

Harufu ya manyoya mu maji ya moto ilinichoma roho. Nikalia, nikapiga miguu chini, nikaambia chungu "definitif" mara elfu. Kuku ikatokota tu, tangu muchana mupaka magaribi.

Mugeni akavuta paja na meno, akavuta mupaka jasho ikamutoka. Akairudisha mu sahani:

"Mama, moto yote ile na haiyageuka! Kuku hii njo definitif!"