Mlio wa Alfajiri

Kazi ya kwanza ya Mang Oyon, yaani Mjomba Oyon kwa lugha ya kwao, kila siku ilikuwa kuyapasha moto magari ya Bwana Rusmana. Kule Bandung, mji wa milimani, gari haliondoki na baridi ya usiku mwilini. Dereva huliwasha alfajiri, akaliacha lingurume taratibu mpaka mwenyewe amalize kahawa yake. Oyon aliianza kazi hiyo akiwa na nywele nyeusi. Sasa zilikuwa za mvi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akiogopa gari.

Lilikuwa gari la mbio la Kijerumani, lililonunuliwa limeshatumika Jakarta, mwaka Bwana alipostaafu. Kila Oyon alipopiga stata, kitu kililia nyuma ya injini kama njugu kavu zinazotikiswa ndani ya kopo. Kililia kwa muda wa kusema bismillahi, kikanyamaza. Bwana alipotoka viatu vinang'aa, injini ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Hakuwahi kuusikia mlio ule hata mara moja.

Na Oyon hakumwambia. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wahenga hawakuajiriwa na Bwana Rusmana. Dereva mwenzake aliyekwenda kusema kwamba gari la mke wa Bwana linavuja maji aliulizwa amelifanya nini, na mwezi ulipoisha hakuonekana tena. Basi Oyon akawa anaamka mapema zaidi, ili mlio ulie nyumba ikiwa usingizini. Zamani dereva aliyesikia injini inalalamika akafunga mdomo, madereva wenzake wangemtenga. Siku hizi anaitwa mtu mwenye adabu.

Mwezi wa Ramadhani ukaisha, harusi zikaanza. Neng Rengganis, ndivyo Oyon alivyomwita kwa heshima binti wa mwisho wa nyumba ile, akasema atalichukua gari hilo mwenyewe kwenda Garut kwenye harusi ya rafiki yake. Njia ya Garut hupita Nagreg, mteremko mrefu, malori mbele na malori nyuma. Wiki hiyohiyo mlio ukarefuka. Bismillahi ikawa Fatiha nzima. Chakula kikamshinda Oyon. Akifumba macho alimwona Rengganis, mtoto ambaye zamani yeye alikuwa akimbeba mgongoni mvua ikinyesha, yuko katikati ya mteremko, injini imemzimikia, breki ngumu kama jiwe.

Siku moja kabla ya safari alisingizia kubadilisha oili, akalipeleka kwa Abah Endin, fundi mzee aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Abah aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini ukiwa sikioni, akasikiliza. Kimya. Gari lilikuwa limefika la moto. Oyon alisema tu kwamba labda kuna kamlio, labda hakuna.

Abah alihisi ni vile vibao vinavyoiongoza cheni ya taimingi, inayoziendesha valvu. Vikiliwa, cheni hulegea, na kabla oili haijapanda kuikaza hupigapiga, ikishapanda, kimya. Zamani cheni ilikaa mbele, fundi akifungua kifuniko anaiona. Sasa wameificha nyuma, mpaka injini ishushwe, na wameiegemeza kwenye plastiki, kama mchezo wa watoto. Akaamuru gari lilale pale. Asubuhi, likiwa la baridi, ataliwasha yeye.

Asubuhi Abah akiwa bado msikitini, Oyon alifika gerejini, na mikono yake ikafanya ilichokizoea. Alipozinduka, injini ilikuwa inanguruma na mlio umeshapita.

Abah akarudi, akaweka kiganja juu ya boneti. "Umefanya nini, Yon?"

"Nimelipasha moto, Abah."

"Mimi nataka kumwona mgonjwa na homa yake, wewe unampa dawa mlangoni!"

Lisingepoa tena mpaka jioni. Na Rengganis, aliyekuja kulifuata gari, alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki, begi begani, akimtania Oyon kwamba amesimama kama bwana harusi aliyekimbiwa. Akaomba ufunguo. Abah alifuta mikono, akamweleza anachokishuku, lakini akasema hawezi kuzuia gari la watu kwa kitu ambacho sikio lake halikukisikia. Kisha akamgeukia Oyon.

"Kuna aliyeusikia mlio?"

 Oyon aliiona nyumba yake ya kupanga, akamwona mkewe, akauona umri wake.

"Mimi, Neng," alisema. "Tangu kabla ya Ramadhani."

Rengganis akaliweka begi chini.

Abah akaingia chini ya gari, akafungua nati ya oili, akaichuja oili kwenye kitambaa cheupe. Sumaku ya nati ilikuwa safi. Enzi za chuma sumaku hiyo ingesema yote, lakini sumaku haishiki plastiki. Kwenye kitambaa vilibaki vipande vya kahawia, kama kucha zilizokatwa. Kimoja kilikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni.

"Kibao kimevunjika," Abah alisema. "Cheni ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Injini inakufa hapohapo."

"Nagreg?"

"Hata hapo getini."

Rengganis alikitazama kile kipande, kisha akamtazama Oyon.

"Mang, kama Abah asingeuliza, ungenipa ufunguo?"

 Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Oyon, umelowa jasho. Rengganis akauchukua, akatoa simu, akampigia baba yake. Oyon akabaki amesimama palepale, akiisikiliza inavyoita.