Ngumi ya Lohay na Mdomo Wangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Hanang ukafunika mashamba yote ya Masakta, na ndani ya ukungu huo, mahali nisipopaona, kulikuwa na mlio. Du. Kimya. Du. Niliufuata kama mtu anayetembea usingizini, nikamkuta rafiki yangu Lohay ametundika gunia la pumba kwenye boriti ya ghala la baba yake, analipiga ngumi. Kila alipopiga, ghala zima lilitoa vumbi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa mnada wa Katesh, na mabanda ya video yakaja nayo. Sisi vijana tulikaa humo tukitazama mabondia wa nchi za mbali wakiangushana. Tukajifunza kumpima bondia kwa kitu kimoja tu: amewalaza wangapi. Mimi natoka Gitting, nami ndiye niliyekuwa msaidizi wa Lohay, yule anayesimama kwenye kona na ndoo ya maji na taulo. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee. Mimi sikumpisha, nilipanda mgongoni mwake.

Ngoja nikueleze ngumi yake, maana wengi huisimulia vibaya. Haikutoka mkononi. Ilianzia kisiginoni, ikapanda kiunoni, ikapita begani, na mkono ndio uliokuwa wa mwisho kupata habari. Mtu aliyelima kwa ng'ombe tangu utoto hujua kugeuza mwili wote kwa wakati mmoja. Na ustadi je? Watu walisema hana. Hakurukaruka, hakujigamba kwa miguu. Hata mimi niliamini ana nguvu tu, na niliona inatosha.

Basi likaja pambano la Katesh. Mpinzani alikuwa Gidamis, mfugaji wa Gehandu, mrefu, mwepesi, mcheshi. Raundi mbili alimzunguka Lohay kama upepo unavyozunguka jiwe. Raundi ya tatu ngumi moja ya Lohay ilimpata Gidamis shavuni. Hakuanguka. Alisimama mikono imelegea, anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda mahali pengine. Lohay aliliona hilo kabla ya mwamuzi. Akasita. Akageuza shingo, akanitazama mimi.

Nikapaza sauti, "Mpige! Unangoja nini? Mmalize!"

Akampiga.

Tulimbeba Lohay juu juu mpaka stendi. Niliimba hadi sauti ikakauka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu, lakini aliyejikwaa ulimi huwa hasikii maumivu siku ileile.

Majuma yakapita, tukasikia kwamba Gidamis hajakaa sawa. Lohay alisema tu, "Kesho naenda Gehandu." Nikaenda naye. Tulitembea katika mbuga ile tambarare, nyasi zikiyumba pande zote, nami nikahisi kama hatusogei, kama ni mlima tu unaotuaga polepole nyuma yetu.

Tulimkuta Gidamis kwenye zizi. Alitupokea kwa furaha, hakutukumbuka. Akaanza kutuonyesha ng'ombe wake. Alinyoosha kidole kwa mmoja mwenye madoa, akafungua mdomo kumtaja jina, jina halikuja. Akaenda kwa wa pili. Halikuja. Alimshika ng'ombe yule pembe, akabaki anamtazama usoni kama anayemwomba msaada.

Mama yake akatoka nyumbani.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Ni nani alimpiga mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama," akasema Lohay.

Mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. "Na wewe?"

"Nilikuwa kwenye kona yake, mama."

"Huko kwenye kona unafanya kazi gani?"

"Ninampa maji," nikajibu.

Lohay alikuwa pembeni yangu, anajua. Mama akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyu amekuja na mkono wake. Wewe umekuja na maji tu."

Tangu siku ile, kila baada ya mnada Lohay alikwenda Gehandu. Alijifunza majina ya ng'ombe wote kwa mama yule, kisha akatembea na Gidamis malishoni, akiyataja moja moja, naye Gidamis akifuatisha. Baadhi yalirudi. Mengine hayakurudi kamwe.

Mimi ilinichukua miaka kurudi. Nilikwenda peke yangu, nikamkuta mama anasafisha kibuyu. Nikamwambia, "Mama, Lohay alikuwa ameshamwacha mwanao. Mimi ndiye niliyesema apigwe tena." Hakulia, hakunifukuza. Aliendelea kusafisha, halafu akanimiminia maziwa. "Umechelewa," akasema. "Lakini umefika. Kunywa."

Mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, Lohay alipigana Babati. Mpinzani alilegea raundi ya nne, macho yakapotea vilevile. Uwanja ulipiga kelele amalize. Safari hii mimi nilinyamaza. Lohay alimkumbatia yule kijana, akamshikilia asianguke, akamwita mwamuzi. Walimzomea! Nami nikiwa na taulo mkononi nikaelewa kitu ambacho sikukiona miaka yote: jicho lake. Aliijua ngumi yake kama mama anavyoijua chumvi ya mchuzi wake. Yule tuliyesema hana ustadi ndiye aliyekuwa nao kuliko sote.

Hakuwahi kupata mkanda wa ubingwa. Leo analima ngano Masakta, na jioni hufundisha vijana. Somo la kwanza analowapa si kupiga, ni kuacha. Watu wakiniuliza Lohay amepata nini kwa ngumi zake, nawaonyesha vijana hao.

Mwanangu, usimpime mwenye nguvu kwa walioanguka mbele yake. Mtazame anapoweza kuumiza na hakuna wa kumzuia. Na kama wewe huna ngumi, usidhani umesalimika. Wengi wetu tuko kwenye kona ya mtu: rafiki, mume, kiongozi, hata mtu usiyemjua kwenye simu yako. Akikugeukia na kusita, neno lako ni pigo. Ukilikosea, usijifiche nyuma ya ndoo ya maji; nenda ukaseme, hata kama umechelewa.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na moyo wa kuijua mipaka yake. Akupe rafiki wa kukuambia "basi." Ng'ombe wako wazae, mvua ikukute umekwisha panda, na uendapo, wenye nyumba wafurahi kukuona mlangoni.