Nilivyopaka grisi kigurudumu cha tanga nikakaribia kuupoteza mlingoti

Wakuu, salaam kutoka Ifakara. Wakubwa shikamooni. Haya yamenitokea mwenyewe, sitii chumvi.

Nimezunguka sana. Miaka mingi nilikuwa kibarua kwenye yacht za watu, Tanga na Dar, na hadi leo nikikumbuka mlio wa kamba zikigonga mlingoti, moyo unasafiri.

Niliporudi nyumbani nilileta mashua ndogo ya zamani juu ya fuso. Tanga lake la mbele linajiviringisha kwenye waya. Chini kuna kigurudumu, ukivuta kamba tanga linajikunja. Kinaitwa furler.

Mashua inalala Lupiro kwa shemeji Deo, mume wa dada yangu. Yeye anataka injini, abebee mpunga.

Siku ya kwanza mtoni upepo ukaja, nikavuta kamba. Kigurudumu kikagoma. Upepo ukatusukumia kwenye matete mashua nzima.

Wavuvi wakashangilia. "Nahodha, hayo ya kuezekea, kata kabisa!"

Shemeji akauliza kilichogoma kinaitwaje. Nikamwambia.

"Fala? Ni hicho kigurudumu au ni mwenyewe?"

Kisha akasema bila kucheka, "Jumamosi tunavuka na dada yako. Kikigoma tena, mlingoti naukata, nafunga injini."

Nikaenda kukifungua.

Ndani grisi nyeusi tii, imeshika mchanga na pumba za mpunga. Na aliyeipaka ni mimi! Huku tumekulia kwenye baiskeli, kitu chochote kinachozunguka tunakipaka grisi bila hata kuuliza. Nikasahau kwamba gololi za kile kigurudumu ni za plastiki. Kule kwenye yacht tulikuwa tunaziosha kwa maji safi tu, basi.

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu. Nilisugua hadi kikazunguka kwa kidole kimoja.

Nikapitisha kitambaa cha pamba kwenye waya zote za mlingoti, maana uzi wa waya ukikatika kitambaa kinanasa. Waya salama. Ila kile kipini cha kuzuia bolti ya chini isichomoke kilikuwa kimeliwa na kutu. Fundi baiskeli mmoja mjini akanikatia spoku, nikaikunja pale.

Jumamosi, katikati ya mto, upepo ukatushukia. Dada akashika ubao, akaanza Salamu Maria.

Nikavuta kamba.

Wakuu, tanga lilijikunja kama mkeka!

Tulipotulia shemeji akasogea. "Lete hiyo kamba, shemeji, na mimi nijaribu."

Akakunjua, akakunja, akakunjua, akakunja.

"Baba Neema," dada akamwambia mumewe, "tutafika lini?"

Mlingoti umesimama. Injini haijatajwa tena.

Nilichojifunza: kabla hujachovya kidole kwenye kopo la grisi, fungua kwanza ujue gololi ni za nini. Na waya zikague ukiwa nchi kavu.

Wenye matanga huko ziwani na mitoni, mnaosha na nini? Na aliyewahi kuharibu kitu kwa kukihudumia kupita kiasi, aseme hapa, tusichekwe peke yetu.