Ile Mbichi

Sebule yangu iliingia giza mwaka jirani alipoinua ukuta wake hatua mbili tu kutoka dirishani kwangu. Kabla ya hapo nilikuwa nashona nikiwa kwenye kochi mpaka jioni bila kuwasha taa. Baada ya ukuta ule, saa nane mchana nilikuwa napapasa sindano. Kwenda kumshtaki sikuthubutu, maana nilishajiaminisha kwamba ana ndugu kila ofisi. Nikaamua kubadilisha rangi ya ndani.

Fundi nilielekezwa na mwanamke mmoja tunayesali naye, mwenye gesti karibu na barabara ya mpakani. Fundi huyo alikuwa anapaka gesti yake, vyumba ishirini, kazi ya kumfikisha mpaka mvua zianze. Kwangu angekuja siku anazosubiri plasta ya kule ikauke. Alikuwa kijana wa Ileje mwenye watoto wawili, mpole, Kiswahili chake cha polepole chenye lafudhi ya Kindali. Aliniambia gesti ile ndiyo kazi kubwa ya kwanza kuipata tangu ahamie mjini, na kwamba akiimaliza vizuri ataitwa na wengine.

Mimi ni wa Tanga. Kiswahili nimekinyonya ziwani, na miaka yote niliyokaa Tunduma nimekuwa nikiwasahihisha watu bila kuombwa. Jambo jingine ninalolifanya bila kuombwa ni kushuku. Mji huu umenifundisha. Nimeshanunua mafuta ya kula yenye maji chini, nimeshanunua kitenge kilichoacha maua yake yote kwenye beseni la kwanza, na nimeshanunua simu mpya yenye picha za harusi ya mtu. Kwa hiyo fundi alipoingia na begi lake, kitu cha kwanza kukitazama kilikuwa begi.

Nilijua nataka kijani. Nilichokuwa sijui ni kijani kipi, chepesi au kizito. Fundi akasema tusibishane kwa maneno, apake vipande viwili ukutani nivitazame. Jioni ile akapaka cha kwanza, kijani chepesi, kwa rangi kidogo aliyopewa dukani. Asubuhi akarudi na kijani kizito ndani ya kopo la siagi.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Gesti, mama. Vyumba vya nyuma tunapaka hii. Nimemwomba mwenyewe kidogo ya kukuonyesha."

Nikasema sawa, lakini moyoni nikaiweka.

Akapaka kipande cha pili kando ya kile cha jana. Nilivitazama nikiwa na haraka, kwa sababu gari la Vwawa lilikuwa linanisubiri. Shangazi yangu alikuwa amelazwa huko na nilikuwa na zamu ya kumuuguza kwa siku tatu. Haikunichukua muda kuamua. Kile chepesi kilileta mwanga, na kizito kilikuwa kizuri kwa watu wenye madirisha. Nikamwachia hela ya rangi, nikabeba mkoba, na nikiwa mlangoni fundi akauliza, "Kwa hiyo ni ipi, mama?"

"Nipakie ile mbichi," nikasema, nikaondoka.

Niliporudi siku ya tatu nilimkuta anasafisha brashi. Sebule nzima ilikuwa kijani kizito, pembe hadi pembe. Niliona kama nimeingia ndani ya chupa. Nilitafuta vile vipande viwili nimwonyeshe, navyo vilikuwa vimeshafunikwa. Nikasema kimoyomoyo, huyu ameshafuta ushahidi.

"Fundi, hii ni rangi gani?"

"Ile ile uliyochagua, mama."

"Mimi nilichagua hii?"

"Ndiyo, mama."

Alinijibu bila hata kupepesa macho, na hilo ndilo lililonichoma. Nilimwona ni mtu aliyezoea. Akatoa risiti ya duka mfukoni akanipa, nikakataa kuisoma. Risiti Tunduma ni karatasi, kila mtu anaweza kuwa nayo. Kichwani hesabu ilikuwa imeshakamilika. Kijani kizito ni cha gesti. Huyu amebeba mabaki ya gesti akanipaka mimi, na rangi yangu nzuri imeshavuka mpaka kwenda kuuzwa Nakonde. Nilimwambia maneno hayo hayo, mlango ukiwa wazi na majirani wawili wakiwa wanaanika nguo uani. Nikamwita mwizi. Wala sikulisema mara moja tu.

Alifunga begi, akaacha risiti juu ya stuli, akatoka.

Jioni ile nilikwenda gesti mwenyewe kwa miguu yangu. Nikamwambia mwenye gesti, "Dada, hesabu ndoo zako." Akashika kiuno, akaniuliza kuna nini, nikamweleza kwa kirefu na kwa Kiswahili changu kizuri. Nakumbuka niliporudi nyumbani nilikuwa na amani kabisa, amani ya mtu aliyewahi kumshtukia tapeli. Siku ya pili nikasikia fundi ameondolewa.

Wiki mbili zilipita. Seremala alikuja akanipakia fremu ya mlango rangi nyeupe ya mafuta, nikitumaini itapunguza lile giza. Mchana huo jirani mmoja alikuja kuazima kinu, akataka kuegemea mlangoni.

"Usishike hapo," nikamwambia, "bado mbichi."

Jirani akachukua kinu akaenda zake. Mimi nilibaki pale pale mlangoni. Kwetu kijani chepesi tulikiita kibichi, kama tunda changa, na kizito tulikiita kilichokomaa. Lakini siku ile ukutani kulikuwa na kipande kimoja kikavu cha jana, na kimoja kilichopakwa dakika ile, kinang'aa kwa umajimaji. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiambiwa "ile mbichi" angechagua kipi? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilikwenda gesti mbio mbio. Mwenye gesti alinisikiliza akiwa anakunja mashuka.

"Ndoo nilizihesabu siku ile ile uliyokuja," akasema. "Zilikuwa zote."

"Sasa mbona ulimwondoa?"

"Dada, ulikuja kuniambia mbele ya wageni wangu. Ningebaki na mtu wa kusemwa, na funguo za vyumba anashika yeye?"

Akanipa namba ya fundi. Alikuwa ameshahamia Ndalambo, anasiriba nyumba za watu kwa udongo. Nikampigia pale pale.

"Fundi, ni mimi, wa sebule ya kijani."

"Nimekujua, mama. Shikamoo."

Marahaba ilinitoka kwa shida. Nikamweleza yote, mbichi yangu na mbichi yake. Nyuma yake nilisikia koleo likikwangua.

"Hilo nililijua siku ile ile, mama," akasema. "Nililiwaza njiani nikirudi nyumbani, nikalipata."

"Mbona hukurudi kuniambia?"

"Ulikuwa umeshaniita mwizi. Nirudi nikufundishe Kiswahili?"

Hakulisema kwa ukali, na ingekuwa afadhali angenitukana. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitapita kwa kila niliyemwambia nifute maneno yangu, nikamsihi arudi anipakie upya kile kijani chepesi, nitamlipa kazi zote mbili.

"Hapana, mama. Nikionekana naingia kwako na ndoo ya rangi, watu watasema nimekuja kurudisha nilichoiba."

Na ndivyo ambavyo mimi mwenyewe ningesema.