Maziwa ya Kupeleka Walikale

Mpaka leo nikisikia maziwa yakisukwasukwa kwenye kibuyu, natoka nje. Wajukuu hunicheka, waache wacheke. Kwetu Karuba, katika vilima vya Masisi, miaka ya hamsini ilipoanza, Mama alikaa mlangoni kila asubuhi, kibuyu mapajani, akikitikisa mbele na nyuma, na harufu ya maziwa machachu ikichanganyika na moshi na samadi mbichi. Siku nyingine ndege ya kutoka Goma ilipita juu yetu ikielekea Walikale, na mbele zaidi, Stanleyville, Kisangani ya leo. Dada yangu Veronika alikuwa ameolewa huko Walikale, msituni, ambako ng'ombe hawaishi. Basi ndege ikipita, Mama alianza kusukasuka, na siagi ilipojikusanya alisema, "Sasa iko juu ya nyumba ya Vero." Mimi nikadhani Walikale ni nyuma tu ya kilima. Kumbe kwa miguu ni kushuka, kulala njiani, kuvuka mito na matope, hadi unajuta kuwa na miguu.

Masika moja akaja mchuuzi wa chumvi na habari: Vero amejifungua binti, lakini hali yake si nzuri, anamtaka Mama. Kwetu mama haingii kwa binti aliyejifungua bila maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Kuingia hivi hivi ni kama kumtakia mtoto njaa. Mama akajaza kibuyu, akafuatana na yule mchuuzi. Baada ya siku kadhaa nikamwona anapanda kilima peke yake, matope hadi magotini. Kibuyu kilikuwa kimepasuka kwenye kivuko cha mto, safari ikikaribia kwisha, naye akageuka. Papa, baba yetu, alishika kichwa. "Ungeendelea tu, Mama Vero!" Mama akajibu, "Niingie mukono mutupu ku mutoto mwenye kuzaa? Hapana." Papa alikamua upya, akajaza kibuyu kingine. Akiwa anakamua, ndege ikapita. Mama aliifuata kwa macho mpaka ikapotea, kisha akaondoka tena bila hata kunywa uji.

Alikuta kaburi lenye udongo mbichi. Shemeji alimpokea kibuyu kile kizima, akakiweka chini, akamwambia, "Mama, haikuwa maziwa njo alikuwa anatafuta. Alikuwa anakutafuta weye." Mama alitusimulia hayo mara moja tu aliporudi, akiutazama ukuta. Tangu hapo, ndege ikipita, mikono yake ilisimama juu ya kibuyu na siagi haikutoka. Nilimchukia yule aliyebuni ndege, iliyofika kwa Vero bila Mama. Utoto ni upumbavu mtupu, lakini uchungu ule ulikuwa wa kweli.

Mwaka jana, na mvi zangu hizi, nilipanda ndege ndogo Goma kwenda Walikale. Nilitafuta Karuba chini, na kabla sijaona paa hata moja, msitu ulikuwa umefunika kila kitu. Nilipoambiwa tunashuka, siagi isingekuwa imetoka bado. Mwanangu alitaka nibebe maziwa ya kopo, nilikataa, nikamkaripia. Aliyenipokea ni yule mtoto wa Vero, sasa naye bibi, mwenye kidevu cha Mama. Nilimnyooshea mikono yote miwili, mitupu. Hakuitazama hata kidogo. Alinikumbatia akasema, "Mama mudogo, umefika," nami nikamlilia Mama pale pale uwanjani, kwa sababu hilo tu lilitosha.